Matabisi ya Mama Edith

Saa nne asubuhi, katika soko moja la Kampemba, Mama Edith alipima kwa kopo meka mbili za unga wa mahindi, akazimimina kwenye beseni la mteja wake Ngalula. Juu yake akaongeza konzi moja ya bure, matabisi, kama anavyofanya kila muuzaji. Ukutani lilibandikwa tangazo: dola imeshuka, kwa hiyo bei ya unga nayo imeshuka. Mama Edith aliifuata bei hiyo. Depo, ghala la jumla alikonunua, haikuifuata.

Ngalula alipofika nyumbani, meka zote mbili zilikuwa zimesharudi depo. Unga uliouzwa kwa bei ya tangazo ulikuwa ukirudi tangu Jumatatu. Ulipanda kutoka kwenye mabeseni, ukapita juu ya mabati kama uzi mweupe, ukaingia kwenye dirisha la depo, ambako vijana waliupakia tena kwenye mifuko. Wanawake walikuwa wamezoea kuanua nguo kwanza, unga upite.

Konzi ya bure ilibaki. Haikuwa na bei, haikuwa na pa kurudi. Siku hiyo, kati ya watoto wanne wa Ngalula, ilikuwa zamu ya Sephora, akala peke yake.

Kesho yake Ngalula alirudi sokoni.

"Yaya Edith, dada yangu, bunga ilirudia tena."

"Yote?"

"Matabisi njo ilibakia. Na bana beko bane."

"Basi leo usilipe. Nitakupa matabisi tu."

"Matabisi ya nini, kama sikulipa kitu? Mi siko muombaji."

"We uko kichwa nguvu. Leta beseni."

Ngalula alilipa. Mama Edith akapima meka mbili, akaongeza konzi mbili.

Mkaguzi Léonard alifika na daftari lake. Alimuuliza Ngalula amenunua kwa bei gani.

"Ile ya ku ukuta."

Akaandika kwamba bei inaheshimiwa. Unga ulikuwa umeanza kupanda, ukapita begani kwake.

"Chef, unaona vile inaenda?" aliuliza Mama Edith.

"Naona, mama. Mi nilitumwa kuangalia bei."

Akapangusa shati, akatia sahihi.

Mchana depo iliuza unga uleule kwa bei ya zamani, na huo haukurudi.

Jioni Ngalula alisonga bukari, ugali wa konzi mbili. Ariel na Benita wakaketi. Mukuka, ambaye zamu yake ilikuwa kesho, ndiye aliyewaletea maji ya kunawa.