Mkono wa Dwayne

Baridi ya Novemba ilipoanza kung'ata mashamba ya mji mdogo wa Tolliver, kusini mwa Marekani, Lucius Treadwell aliamka kabla ya alfajiri kama mwili wake ulivyozoea. Akachemsha kahawa, akaketi jikoni akisikiliza barabara. Barabara ilikuwa kimya. Mkewe, Marva, akatokea mlangoni na shali begani.

"Dwayne haji, mume wangu."

"Najua haji. Nakunywa kahawa tu."

"Kwa hiyo hivyo viatu vya porini ulivyovaa ni vya kunywea kahawa?"

Lucius akainama kukaza kamba za viatu. Tangu walipokuwa vijana kiwandani, yeye na Dwayne Hutto walikuwa wakienda pamoja kuwinda kulungu. Dwayne mweupe, Lucius mweusi, na Georgia ni Georgia, jimbo ambalo rangi haisahauliki; lakini porini waliketi chini ya msonobari mmoja, wakala soseji za pakiti moja, wakakaa asubuhi nzima bila kusema neno. Dwayne ndiye aliyemwingiza kwenye klabu ya walenga shabaha, na Lucius akawa mweusi pekee mle. Katika klabu hiyo kila mkutano ulianza kwa maneno yale yale: serikali isithubutu kugusa bunduki ya raia mwema. Lucius alipiga makofi pamoja na wenzake. Aliyaamini maneno hayo.

Kisha majira ya joto ya mwaka huo watu wasiojulikana wakavunja madirisha ya kanisa la kina Lucius, wakaacha maandishi ukutani kwamba safari nyingine watachoma. Polisi walikuja, wakatazama, wakaondoka. Jumapili iliyofuata Lucius na wanaume wenzake wachache wakasimama nje ya kanisa na bunduki zao za kuwindia, watu wakiabudu ndani. Sheria ya jimbo iliwaruhusu. Hawakumwelekezea mtu mtutu wala hawakumtolea mtu neno baya.

Aliyepita barabarani akawapiga picha. Kabla ya jua kuzama picha ilikuwa imeingia katika kila simu ya mji, na maneno yakaongezewa chumvi: weusi wanajipanga, weusi wanakuja madukani. Wazungu wakaanza kufunga milango mchana.

Baraza la mji likaitisha mkutano. Diwani aliyesimama ni mwanachama wa klabu, mtu ambaye miaka yote koo lilimkauka kwa kutetea bunduki. Sasa akasema nyakati zimebadilika, kuna haja ya kudhibiti. Baraza liliombe bunge la jimbo liruhusu mji kupiga marufuku bunduki hadharani. Akataka wananchi waonyeshe msimamo wao kwa mikono.

Lucius alikuwa ameketi nyuma. Aliitazama mikono ikiinuka mmoja mmoja, ya watu aliolenga nao shabaha. Katikati ukainuka mkono wenye kidole kilichokatwa na mashine. Mkono huo Lucius angeutambua hata gizani; ndiye aliyeufunga kwa shati lake siku kile kidole kilipokatika.

Tangu jioni hiyo hawakusemezana.

Asubuhi hiyo ya Novemba Lucius akaenda porini peke yake. Hakuwa ameketi sana alipofika askari wa wanyamapori, kijana mgeni, akasimama mbali, mkono kiunoni juu ya bastola.

"Weka bunduki chini, mzee. Taratibu. Unafanya nini hapa?"

"Nawinda, afande. Leseni iko mfuko wa kushoto. Naomba ruhusa niitoe."

Kijana akaikagua leseni mbele na nyuma, akarudisha, akaenda zake bila samahani. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza leseni. Ndipo akang'amua kwamba si leseni iliyokuwa ikimlinda. Alikuwa Dwayne, aliyeketi kando yake. Na hata baada ya kulijua hilo, alichotamani bado ni Dwayne yule yule aketi pale, akoroge kahawa kwa kijiti kama mtu asiye na kwao.

Akatoka porini moja kwa moja hadi kwa Dwayne. Akamkuta uani akikusanya majani makavu.

"Umekonda," Lucius akasema.

"Na wewe umezeeka."

Wakatazama majani.

"Niliogopa, Lucius," Dwayne akasema mwishowe.

"Uliniogopa mimi?"

"Si wewe. Wale."

"Wale gani, bwana? Nilikuwa mimi, na Shemasi Cornell mwenye magoti mabovu, na fundi aliyekuezekea hii nyumba. Wote umekula nao."

Dwayne akaegemea reki. "Nilipoiona picha sikukutambua. Nakuapia. Niliona watu weusi wenye bunduki, basi. Mke wangu ndiye aliyeniambia, huyo si Lucius?"

"Na siku ya mkutano ulikuwa umeshajua."

"Nilikuwa nimeshajua."

"Ukainua mkono."

"Wote walikuwa wanainua." Sauti yake ikawa ndogo. "Ningeonekanaje?"

Lucius alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ukweli hakuujengea ukuta, na ukampata barabara. Akataka kumtukana, akataka pia kumwambia, chukua koti twende, jua halijapanda.

"Jumamosi utakwenda?" Dwayne akauliza.

"Nitakwenda."

Dwayne alisubiri neno jingine. Lucius alilijua neno hilo, 'twende', akalitafuta ndani yake, akalikosa. Akaaga.

Ombi la baraza lilifia huko bungeni, wala hakuna aliyelifuatilia. Hofu ilipopoa, diwani akarudia nyimbo zake za zamani klabuni, na Dwayne, walisema, alikuwa akiketi safu ya mwisho bila kupiga makofi. Lucius hakurudi kule.

Jumamosi zilizobaki za msimu wa kuwinda alikwenda na Shemasi Cornell. Cornell ni mtu mwema, ila hana breki mdomoni. Alimsimulia Lucius habari za magoti yake, za wakwe zake, za wanakwaya wasiojua sauti. Kulungu walimsikia kutoka mbali wakatokomea.

"Mbona umenyamaza, ndugu yangu?" Cornell akauliza. "Au nakuchosha?"

"Hapana, Shemasi. Endelea."

Cornell akaendelea. Lucius akacheka palipochekesha, macho yake yakiwa ng'ambo ya bonde, akitamani kimya cha mtu mmoja tu.