Herufi w Haijaungwa Mkono

Nyimbo themanini na sita za marehemu Nzivo, mtunzi wa kwaya, zilikuwa ndani ya kompyuta ya kwaya, na kompyuta ilikuwa sebuleni kwa Nthoki, mtaa wa Komarock, Nairobi, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Nthoki, katibu wa kwaya, ndiye aliyezichapa, kwa vidole viwili, mwaka mzima. Kila alipomaliza karatasi moja ya Nzivo aliitumia kuwashia jiko. Wenzake walidhani karatasi ziko kabatini, naye hakuona sababu ya kuwasumbua.

Jumamosi moja ya mwaka 1998 Githinji, fundi wa redio na mwimbaji wa besi, alileta diski ya pili, kubwa, akaifunga kando ya ile ya zamani. Alitaka kuigawa hiyo mpya vipande aweke Linux, mfumo aliosema hauzimiki ovyo. Programu ya kugawa, iliyokuja kwenye disketi, iliitwa fdisk.

Kwa kuwa mali ni ya kwaya, ilibidi kikao. Kwaya ile haikuhamisha hata benchi bila hoja kupendekezwa, kuungwa mkono na kuandikwa. Na mwenye kuunga mkono sharti kwanza aikague mali kwa macho yake. Kanuni hiyo ililetwa na mwenyekiti, Kalekye, karani wa stoo mstaafu, ambaye hakuamini gunia lililoshonwa mdomo.

Githinji akaandika: fdisk hdb. Hdb ndiyo diski mpya; ya zamani ni hda. Kompyuta ikajibu kwamba haiwezi kuifungua hdb. Akaongeza -l, ya kuomba orodha. Ikakataa. Akaweka -u, ya kubadili vipimo. Ikakataa, wala haikubadilisha maneno.

"Labda jina ndilo linaikera," akasema. Akaandika fdisk tupu. Ikafunguka papo hapo, na juu ya kioo ikatoa mstari mmoja wa Kiingereza ambao Githinji aliuchukua kuwa salamu.

"Kuna kipande kimoja humu. Nakifuta."

"Diski mpya ina kipande cha nani?" akauliza Nthoki.

"Huko kiwandani waliijaribu, mama." Akabonyeza d. Kipande kikatoweka. "Sasa w, iandike."

"Hujapendekeza," Nthoki akasema, kalamu mkononi.

Githinji akashusha pumzi. "Napendekeza herufi w."

"Nani anaunga mkono?"

Kalekye akavaa miwani, akainama penye tumbo la kompyuta lililo wazi, akasoma lebo ya diski mpya. Kisha akasoma kioo.

"Lebo inasema silinda elfu nane mia tisa arobaini na nne. Kioo kinasema mia tano ishirini na tano. Githinji, nyingine umepeleka wapi?"

"Silinda ni nini?" Nthoki akauliza.

"Sijui. Lakini zimepungua."

Githinji akairudia ile salamu, safari hii akaisoma. "Inasema kwa kuwa sikutaja diski, imejichagulia ya kwanza."

"Ya nyimbo?" akauliza Nthoki.

"Ya nyimbo, mama."

Nthoki akakumbuka githeri, yale mahindi na maharage, iliyopikwa kwa jiko lililowashwa na karatasi ya wimbo wa arobaini. Ilikuwa tamu.

"Bila w haijaandika kitu," Githinji akasema upesi. "Nikibonyeza q natoka, kila kitu kinabaki kilivyokuwa."

"Hiyo q nayo ipendekezwe," Kalekye akaanza.

"Bonyeza!" Nthoki akasema. Miaka kumi na moja ya ukatibu, hakuwahi kuvunja kanuni.

Githinji akabonyeza. Akaandika fdisk -l bila jina, na orodha ikaja: /dev/hda na kipande chake, /dev/hdb tupu.

"Kumbe ilitaka jina lote, na /dev/ yake!"

"Wewe ukifika Komarock useme unatafuta nyumba namba thelathini na moja, bila kusema ya Fezi gani ya mtaa, nani atakuonyesha?" akasema Nthoki. "Na ukinyamaza kabisa, utaingizwa kwa mtu wa kwanza."

Githinji akaandika fdisk /dev/hdb. Silinda zikalingana na lebo, akaigawa. Kalekye akaunga mkono, w ikabonyezwa, na nyimbo zikahesabiwa: themanini na sita.

Nthoki akapendekeza zote zinakiliwe karatasini mara moja.

"Za nini, na zile za Nzivo unazo?" Kalekye akasema. "Hiyo siungi mkono kabla sijakagua kabati."

"Ufunguo uko na mwanangu Maingi, aliye Kitui. Anarudi mwisho wa mwezi," Nthoki akajibu, akaandika hivyo kwenye kumbukumbu.

Jumatatu alinunua karatasi za mistari, akaziacha juani zipate umri. Kisha akaketi mbele ya kompyuta, akafungua wimbo wa kwanza, akaanza kuzoeza mwandiko wake kulalia kushoto, kama wa Nzivo.