Teksi Namba Mbili

Kijitabu cha wageni wa mkutano kilikuwa na kurasa kumi na mbili, na hakuna hata mmoja uliokosa katazo. Usinywe maji ya bomba. Usibadilishe fedha barabarani. Usinunue laini ya simu kwa mtu asiye na duka. Usimpe mtu mzigo wako hata akiwa amevaa sare. Aliyekiandika alikuwa mama mmoja wa ofisi ya habari katika ukumbi wa mikutano. Wenzake walimwita Mama Tahadhari, mwanzoni kwa kumtania, kisha wakasahau kwamba ni utani. Mwenyewe hakuchukia. Kwake yeye, mgeni aliyeshuka kwenye ndege akiburuta begi la magurudumu ni kifaranga katikati ya uwanja, na mwewe wapo wengi.

Jumatatu asubuhi mkurugenzi alimwita, akamtandazia barua tatu mezani.

"Soma," alisema.

Zilitoka kwa wageni watatu wa mikutano mitatu tofauti, na zote zililalamikia jambo moja. Kijitabu kiliwaahidi dakika arobaini kutoka uwanja wa ndege hadi ukumbini. Dereva akawazungusha saa nzima na zaidi, vichochoroni, nyuma ya maghala, mpaka mmoja wao akaanza kusali. Mwingine ndiye aliyetakiwa kufungua mkutano, akafika watu wanakunywa chai.

"Tuna teksi nne kwenye kijitabu," mkurugenzi alisema. "Tatu zinafika kwa wakati. Hawa wote walipanda namba mbili. Ijumaa tunapeleka kazi kiwandani kuchapwa. Ama uniletee sababu, ama umtoe."

Mama Tahadhari alikusanya zile barua, akatoka. Namba mbili alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamsomesha, akamwombea kazi ya kwanza. Na wageni wa mikutano ndio waliomweka mjini huyo ndugu na mkewe na watoto wao watatu. Kumtoa kwenye orodha ilikuwa sawa na kumnyang'anya sahani mkononi.

Lakini moyo wake ulikuwa umeshageuka. Nauli ilikuwa moja, imeandikwa kitabuni, haiongezeki hata mgeni akizungushwa dunia nzima. Sasa mtu anachoma mafuta yake kwa faida gani? Mama Tahadhari alijua jibu, kwamba hakuna mtu anayepata hasara kwa kupenda. Lazima kuna anapopita. Kuna kitu anapeleka, au kuna mtu anamwona, na mgeni wa watu ndiye anafanywa kifuniko. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea akishuka ngazi, na akahisi uchungu wa kweli, kwa sababu alimpenda yule kijana kuliko alivyokipenda kitabu chake.

Jumanne jioni akaenda kwa wifi yake, mke wa mdogo wake, akijifanya anapita tu.

"Wifi, mumeo siku za wageni anarudi saa ngapi?"

"Usiku. Anasema foleni."

"Foleni." Mama Tahadhari alilitafuna lile neno. "Zamani alikuwa anarudi mapema, au nimesahau?"

Wifi yake aliacha kukunja nguo. "Dada, kama kuna kitu unakijua, niambie. Usinizunguke."

"Mimi sijui kitu. Nimeuliza tu."

Nimeuliza tu! Nyumba ngapi zimevunjika kwa hayo maneno mawili? Alimwacha wifi yake ameshika shati la mumewe mkononi, haliweki chini wala halikunji.

Jumatano akatega mtego wake. Kulikuwa na profesa mmoja anayefika Alhamisi, siku nne kabla ya wenzake, ili kupanga vikao. Mama Tahadhari alimpelekea kijitabu kwa barua pepe, na chini akamwandikia kwamba apande teksi namba mbili. Alhamisi yenyewe aliomba ruhusa kazini, akajifunga mtandio mpaka machoni, akaenda kusimama nyuma ya nguzo ya uwanja wa ndege kama mke anayesubiri mume na hawara wake.

Profesa akatoka, mama wa makamo mwenye miwani minene, kijitabu mkononi. Mdogo mtu akampokea begi, akamfungulia mlango, akaondoka naye. Mama Tahadhari akajitupa ndani ya teksi ya mzee mmoja ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote.

"Fuata ile gari. Usiikaribie, usiipoteze."

Mzee alimtazama kwenye kioo. "Mumeo huyo?"

"Endesha, baba."

"Mimi naendesha. Ila nikwambie, mwanangu, wanaume ni wale wale. Utamfumania leo, kesho utamsamehe, mimi nimebeba wengi."

Kwenye njia panda ya kwanza, teksi namba mbili iliwasha taa ya kukata kushoto, kuelekea barabara ya mto. Roho ya Mama Tahadhari ikaruka. Barabara ya mto! Ndiko kwenyewe! Lakini gari ikasimama ghafla. Mkono ulitokeza kwenye dirisha la nyuma, ukapunga kitu, ukarudi ndani. Taa ikazimika. Gari ikarudi nyuma, ikashika barabara kuu.

"Ametuona," alinong'ona.

"Hajatuona," mzee alisema. "Ila huyo ana wazimu. Huku mbele kumechimbwa tangu mwanzo wa mwaka. Siku hizi wote tunapita mtoni. Lami mpya, taa kila hatua, na juu ya hayo kituo cha polisi."

Mama Tahadhari alichungulia dirishani. Alikuwa anakaa upande wa pili wa mji na kazini alienda kwa miguu. Huku hakuwa amepita miaka mitatu. Alisikia kuna matengenezo kidogo. Sasa akaona mapipa mekundu yamefunga njia nzima na magari yanamiminwa vichochoroni. Wakapita nyuma ya maghala. Wakasubiri treni ya mizigo, mabehewa hayaishi. Kila kona alijiambia, hapa, hapa ndipo atakaposimama ashushe alichobeba. Hakusimama popote. Alikuwa anaendesha taratibu, akikwepa mashimo kwa ajili ya mgongo wa mgeni, na mara mbili alimpitishia chupa ya maji.

Walifika ukumbini baada ya saa moja na dakika kumi na mbili. Mama Tahadhari alishuka kabla gari haijasimama sawasawa.

"Leo nimekushika!" alimwambia mdogo wake mbele ya mgeni. "Umempitisha wapi huyu mama?"

Kijana aliutazama mtandio, akaitazama ile teksi ya nyuma, akaelewa kila kitu. Aliyejibu ni profesa, kwa upole, akidhani kuna mtu anamtetea.

"Si kosa lake. Yeye alitaka njia fupi, mimi nikakataa. Kitabu chenu kimenionya."

Akamfungulia ukurasa wa nne. Maneno yalikuwa ya herufi nzito: Usikubali kupitishwa barabara ya mto. Dereva akisisitiza, shuka upige simu. Mama Tahadhari aliyatambua kama mtu anavyotambua sauti yake mwenyewe. Aliyaandika miaka sita iliyopita, wakati barabara ile ikiwa tope, baada ya kusikia habari ya mtu aliyeibiwa. Kila mwaka aliyapeleka kiwandani yalivyo.

Profesa alipoingia ndani, walibaki wawili.

"Wenzako wanafanyaje?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Wanamwambia mgeni, kitabu hicho cha zamani, aliyekiandika haujui mji. Mgeni anacheka, wanapita mtoni."

"Na wewe?"

"Mimi nimwambie nini, dada? Kwamba dada yangu haujui mji?"

Mama Tahadhari alitafuta pa kushika, akashika mlango wa gari. "Si ungenieleza mimi, basi."

"Nilikueleza. Mwaka juzi, mtoto alipougua, ulikuja kutuona. Nikasema, dada, njia ya mto siku hizi nzuri, ifute ile. Ukaniambia, hata mwizi angesema hivyo hivyo."

Alikumbuka. Alikumbuka hata kwamba alicheka aliposema.

"Na mke wangu," kijana aliendelea, bila kupandisha sauti, na afadhali angeipandisha, "tangu Jumanne ananusa mashati yangu. Jana amelala na watoto. Nikawa najiuliza nani kamtia maneno."

Mama Tahadhari alipanda ngazi kwa mkurugenzi. Hakujitetea. Alisema kosa ni la kitabu, na kitabu ni chake, na namba mbili ndiye dereva pekee aliyekifuata kama kilivyoandikwa. Mkurugenzi alisoma ukurasa wa nne mara mbili, akavua miwani.

"Basi abaki," alisema. "Ila kitabu kitapitiwa na mtu wa mapokezi kabla ya kuchapwa. Mstari kwa mstari."

"Sawa," alisema Mama Tahadhari, aliyekuwa hajawahi kukubali mtu aguse hata nukta yake.

Alishuka mbio kumpelekea mdogo wake habari njema. Alimkuta amekaa nyuma ya usukani, anasubiri.

"Umebaki kwenye orodha," alimwambia. "Na sasa hivi twende kwako, nikamwambie wifi ukweli kwa mdomo wangu. Nitampigia magoti ikibidi."

"Asante."

Alisogea kushika mlango wa mbele. Kijana alikuwa ameshashuka. Alizunguka gari, akamfungulia mlango wa nyuma, akaushikilia mpaka alipokaa, akaufunga polepole asimbane nguo. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akamtazama kwenye kioo.

"Tupitie wapi, mama?" aliuliza, kwa ile heshima anayowapa wageni.

"Popote unapoona panafaa, mdogo wangu."

"Hapana," alisema. "Sema wewe."