Kulia Kwako, Siyo Kwangu

Opareta wa simu wa hospitali alikuwa haoni tangu utotoni, lakini Jumamosi hakukosa mpira. Timu yake ilichezea mpira wenye njuga ndani. Wachezaji wote walifungwa vitambaa machoni isipokuwa kipa, na nyuma ya goli la wapinzani alisimama mwelekezi, kazi yake kuwapigia kelele washambuliaji waende wapi. Watazamaji walitakiwa kunyamaza, la sivyo njuga zisingesikika.

Jumamosi hiyo mwelekezi wao alishikwa na mafua, sauti ikakauka kabisa. Kocha akamgeukia mke wa opareta, aliyekuwa amekaa pembeni amevimba kwa hasira.

"Shemeji, tuokoe. Wewe sauti unayo."

"Sauti ninayo, ila huyo mwenzangu leo sina la kumwambia."

Yeye alikuwa fundi cherehani, na asubuhi alimfumania mumewe akikata boksi kwa mkasi wake wa vitambaa, eti atengeneze vikinga ugoko vya mpira. Mkasi wa vitambaa haukatiwi karatasi, unakuwa butu. Hilo hata watoto wao walilijua. Tangu hapo alikuwa amemnunia.

Hata hivyo alikwenda akasimama nyuma ya goli. Kipindi cha kwanza aliongea kwa kubania, hata mumewe akamwita kwa namba ya jezi. "Namba saba, mbele. Namba saba, piga." Namba saba akapiga, mpira ukaenda zake nje.

Kipindi cha pili, wakiwa nyuma kwa bao moja, opareta aliunasa mpira akaja nao mbio, njuga zikilia miguuni pake. Mkewe akasahau kununa.

"Baba watoto! Kulia! Kulia hakuna mtu!"

Opareta akakata kulia kwa nguvu zote, akajibamiza kwenye mbao zilizozunguka uwanja, pu! Watazamaji wakaziba midomo.

"Mama watoto," akauliza akiwa chini, "ndiyo adhabu ya mkasi hii?"

"Pole jamani! Nilisema kulia kwangu. Si tumetazamana?"

"Tumetazamana? Mimi na nani?"

Mkewe akaangua kicheko hadi akashika mwamba wa goli. Mumewe naye akacheka huku akijipapasa bega, na ugomvi ukaishia hapo.

Mpira ulipomrudia dakika za mwisho, alielekezwa vizuri. "Kushoto kwako, baba. Kwako! Beki umemwacha. Sogea... sasa!" Kipa aliruka akakumbatia hewa. Njuga zikalia wavuni, na uwanja uliokuwa kimya ukalipuka. Wakatoka sare.

Jioni fundi alipanga viti sebuleni amwonyeshe mama mkwe bao lilivyoingia.

"Mama, alitokea hapa..."

"Nilianza kwa kumpiga beki chenga," opareta akadakia.

"Wewe nyamaza, uliona nini? Mwenye macho nilikuwa mimi."

"Na aliyefunga?"

"Tulifunga," mkewe akasema, akavuta kiti kingine kiwe beki.