Udongo Juu ya Bati

Nawaandikia ninyi wanawake mnaohama kwenye tembe kuja kukaa nyumba za bati karibu na stesheni, hasa wenye watoto wadogo. Nataka kuwaonya. Nimeyaanza maandishi haya mara nyingi, na kila nikifika mahali pa kusema fanyeni hivi, msifanye vile, nakwama. Basi nitaeleza yaliyotupata, na mtajionea wenyewe.

Mimi nimezaliwa kwenye tembe, upande wa Miyuji. Tembe mnaijua. Kuta ni fupi, mwanamume mrefu huingia ameinama. Juu kuna magogo ya mti mgumu yaliyokaribiana, halafu fito na nyasi, halafu udongo mwingi, hata mbuzi hupanda kulala huko na sisi tulio chini tunawasikia wakicheua. Upepo wa kiangazi hupita juu yake kama haujaona kitu. Ndiyo maana tangu utotoni tulifundishwa kwamba upepo ukivuma tuingie ndani. Lakini mvua ikinyesha bila kukatika, udongo ukashiba maji, ukasikia magogo yanalia, mchukue mtoto wako utoke, chungu kiache hapohapo motoni. Upepo, ingia. Mvua, toka. Hakuna aliyetuambia la kufanya vikija vyote kwa pamoja.

Mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike Dodoma, mume wangu Elieza alipata kazi ya kutengeneza njia ya reli, tukahamia mjini. Tulipanga kwa Shaibu, mfanyabiashara ambaye baba yake alikuja na misafara ya zamani akabaki. Shaibu alijenga nyumba kadhaa kwa mstari mmoja, kuta za udongo lakini ndefu, na juu bati jipya lililokuja kwa gari la moshi. Yeye na mkewe Mwajabu walikaa nyumba ya mwisho, sisi tukawa jirani zao. Nilifurahi, siwafichi. Ukisimama ndani hugusi kitu kwa kichwa. Binti yangu Emilia ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na sakafu ile ilikuwa sawa kabisa, akawa anakwenda kutoka ukuta huu mpaka ule akicheka.

Mama mkwe wangu, Lydia, alikuja kumwona mjukuu katika miezi ya upepo. Tukasalimiana, nikampa kigoda, hakukaa. Alikuwa anatazama juu.

"Paa liko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha.

"Hilo si paa. Hiyo ni kofia. Upepo ukitaka kuwavua, utawavua."

Mwajabu alikuwa mlangoni anapepeta uwele. Akacheka, akamwambia, "Kofia hiyo imetoka Ulaya, mama."

"Na upepo wenu wa hapa nao umetoka Ulaya?"

Tulicheka wote. Lakini haikupita wiki, upepo ukaja mchana na vumbi lake jekundu, ukang'oa bati moja juu ya jiko la Mwajabu. Nililiona kwa macho yangu likienda angani, limelala kama ungo uliotupwa, kisha likageuka likashuka kwa ukingo na kusimama wima ardhini, pale pale tunapokaa kutwanga. Kwa bahati hapakuwa na mtu. Shaibu alilivuta kwa mikono miwili ndipo likatoka.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Upepo ukianza tu, bati linagonga na kuguna juu yetu, mimi nambeba Emilia nazunguka naye chumbani, sijui nikae kona ipi. Mama mkwe akasema dawa ya upepo ni uzito, na uzito ni udongo, kwani tembe zao zinasimama kwa nini? Tupakie udongo wa kichuguu juu ya bati, limalizike jambo. Nikamwuliza Elieza. Akasema mama anajua, tumsikilize. Jioni akapita kwa Shaibu kuzungumza, akarudi akasema Shaibu naye anajua, hataki, tumsikilize yeye. Asubuhi akapanda gari kwenda Zuzu kazini, akaniacha na maneno yote mawili.

Shaibu alinieleza mwenyewe uani, kwa upole. "Pau zangu nilizikata za kubeba bati, mama Emilia. Sikuzikata za kubeba shamba."

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. "Mimi nimelala chini ya shamba tangu kuzaliwa," akamwambia, "na bado nasimama mbele yako nikibishana."

Nyumba ilikuwa yake Shaibu, angeweza kukataa hadi mwisho. Lakini lile bati la jikoni kwake lilikuwa limemtia aibu, na mama mkwe ni mtu mzima. Akasema, "Haya, fanyeni, ila mimi sikusema." Basi wakaja wanawake kutoka Miyuji na vikapu vichwani, kama tunavyofanya mwaka kwa mwaka kabla ya masika kwenye tembe zetu, hawa wanachimba kichuguu, hawa wanabeba, hawa wako juu wanakanyaga na kuimba. Nikawapikia togwa. Bati halikuonekana tena. Mtu akitazama kwa mbali angedhani ni tembe iliyorefuka miguu.

Na upepo ukaja, ukapita juu bila kugusa kitu. Ndani kimya, na hata joto lilipungua. Watu wa mstari ule wakaanza kuja kutazama na kunisifu. Mwajabu akaniambia kwamba angetaka na yeye apakiwe, ila mumewe amegoma. Nilianza kulala. Siku moja nikaona pau moja imepinda kidogo, nikamwonyesha mama mkwe alipokuja na maboga. Akasema mti hupinda ukiwa unazoea mzigo. Sasa mimi niseme nini? Kwenye tembe magogo hupinda, ni kweli, nimeyaona tangu utoto.

Kisha ikaja mvua ya kwanza.

Ilikuwa alasiri. Mama mkwe alikuwa kwake Miyuji, Elieza yuko Zuzu, mimi niko peke yangu na Emilia. Wingu lilitokea mashariki, jeusi chini na la rangi ya vumbi juu, na mbele yake upepo ambao sijauona kabla wala baada. Nikafanya nilivyofundishwa. Upepo, ingia. Nikamchukua mtoto, nikafunga mlango, nikaweka kinu nyuma yake.

Halafu mvua ikaanguka juu ya upepo ule. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie sikuisikia ikigonga bati. Niliisikia inanyonywa. Muda kidogo, maji ya rangi ya udongo yakaanza kuchuruzika ukutani, na pau zikalia.

Sauti ile naijua. Miguu yangu iliijua kabla ya kichwa. Nikasukuma kinu, nikafungua mlango nitoke, na pale nikaona jinsi nje kulivyo. Bati la Mwajabu lilikuwa linang'oka. Moja lilishaondoka, jingine limeshikwa na msumari wa upande mmoja, linapiga juu na chini. Mwajabu alikuwa dirishani kwake ananipungia.

"Usitoke, mama Emilia," akaita. "Rudi ndani na mtoto."

Nikarudi. Pau zikalia tena, na vumbi la kichuguu likanidondokea usoni. Nikaenda mlangoni. Upepo ukanisukuma. Nikarudi hatua moja. Masikioni mama mkwe ananiambia toka, acha hata chungu. Mwajabu ananiambia usitoke. Kila mmoja alikuwa anasema kweli ya nyumba yake. Emilia alikuwa amening'ang'ania shingoni, halii, ananitazama mdomo kujua nitasema nini. Mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, nikaushika mwimo wa mlango, nikabaki hapo. Msije mkasema nilichagua. Sikuchagua.

Lile bati la msumari mmoja likatoka. Lilipita mbele ya mlango wetu kwa ukingo, chini chini, nikahisi ubaridi wake kwenye magoti, likajikita uani. Nilikuwa bado nalitazama, paa letu lilipoanguka nyuma yangu. Halikuanguka kwa kelele. Lilikaa chini, kama mtu aliyechoka, kuanzia jikoni hadi kitandani, likaja likaishia kwenye visigino vyangu. Miimo ya mlango ilikuwa ya mti mgumu ambao Shaibu aliununua mahali fulani, ikasimama. Sisi wawili tukawa tumesimama kwenye mlango ambao hauna nyumba, mvua inatunyeshea pande zote.

Ndipo Emilia akalia, na mimi nikajua yu mzima.

Kesho yake Elieza akafika kwa toroli ya reli, amelowa. Mama mkwe naye akaja kwa miguu. Wakasimama na Shaibu kwenye udongo ule, na mimi nikawasikiliza nikidhani sasa nitaelewa. Shaibu akasema kama tusingepakia udongo, tungepoteza mabati mawili na kulowa, kama wao walivyolowa, basi. Nikaona ni kweli, nyumba yao ilikuwa imesimama wazi juu na hakuna aliyeumia ndani. Mama mkwe akasema tembe yake haikudondosha hata tone, maana ina magogo ya watu na si vijiti vya kuchokoa meno. Nikaona nayo ni kweli. Nikawauliza, na kama ningetoka nje mapema kama tunavyofanya siku zote? Wakageuka kutazama uani. Lile bati lilikuwa bado limesimama uani, na mbele yake ni pale ambapo ningekimbilia na mtoto.

Elieza ndiye aliyelivuta. Halafu akakaa chini pale pale, kando yake.

Sasa tuko Miyuji kwa mama mkwe, mpaka Shaibu aezeke upya. Amesema ataongeza pau na misumari, na kwamba atakayepanda juu na kikapu atamshitaki kwa akida. Elieza anataka turudi. Mama mkwe anataka tubaki. Wote wananitazama mimi, nami namtazama Emilia, ambaye hana habari, anatembea kutoka nguzo hadi nguzo za tembe akizipapasa.

Kwa hiyo ninalojua la kuwaonya ni hili: msipakie udongo juu ya bati. Nyumba ya bati iacheni iwe ya bati, mumwambie mwenye nyumba aongeze misumari kabla ya miezi ya upepo, na uani kwenu msiache mtoto wingu likianza. Tembe nayo ikwangueni udongo wa zamani kabla ya kuweka mpya. Hayo nayajua. Lakini siku upepo na mvua vitakapokuja vimeshikana mikono, mtakimbilia wapi na watoto wenu, hilo sijui. Nimewauliza waliosoma kuliko mimi na wazee kuliko mama mkwe, kila mmoja ananieleza nyumba yake.

Mimi namlaza Emilia mlangoni. Natandika ngozi yake kwenye kizingiti, nusu ndani, nusu nje, na kila anayeingia humruka. Jana wingu lilitokea tena mashariki. Mama mkwe akarudi na kuni, akamkuta.

"Mjukuu wangu unamlaza njiani kama mbwa," akasema.

Nikaivuta ngozi ndani. Gogo moja likaguna juu yetu, pengine ni mbuzi tu. Nikaivuta tena mlangoni.

Nilidhani atanigombeza. Aliweka kuni chini, akatazama magogo yake aliyoishi chini yake maisha yote, akatazama wingu. Kisha akakaa upande wa pili wa kizingiti, akanyoosha miguu, mtoto akawa katikati yetu. Upepo ukaanza. Hatukuingia, hatukutoka.