Ukuta wa Mama Cheruto

Kuna swali ambalo kila fundi wa mabomba hapa Nakuru huliuliza akiingia nyumba ya watu. Kwanza anasonya, halafu anatikisa kichwa, halafu anasema, "Nani huyu alikufanyia hii kazi?" Haijalishi kazi ilifanywa vizuri au vibaya. Ni kama kubisha hodi tu. Mimi mwenyewe nimeliuliza mara nyingi, tena kwa madaha, na sikuwahi kufikiria kwamba huyo "nani" ana jina, ana nyumba mtaani Kaptembwo, na ana masikio.

Mpaka fundi mwenzangu Sitati alipoliuliza mbele ya ukuta wa Mama Cheruto, na jibu likawa mimi.

Naitwa Edinah. Babu yangu aliletwa Nakuru kutoka Bungoma kufunga mabomba ya mvuke kwenye karakana ya reli, baba akafuata, na mimi nikafuata ingawa hakuna aliyeniita. Nilipoanza, watu walikuwa wakiniuliza fundi yuko wapi huku nimeshika spana mkononi. Siku hizi hawaulizi. Miaka kumi na saba nimejenga jina langu kiungo baada ya kiungo, na sioni haya kusema kwamba nalipenda.

Nyumba ya Mama Cheruto iko Kiamunyi. Miaka mitatu iliyopita mumewe, Mzee Kipkemoi, alikuwa amemaliza bafu la ndani na kubandika vigae vya buluu, lakini maji hayakuwa yamefika humo, na familia ilikuwa ikioga kwa beseni. Nilipokwenda kuingiza maji, Mama Cheruto alikataa katakata vigae vyake viguswe. Basi nikapitishia bomba upande wa pili wa ukuta, sebuleni. Nikachonga mfereji mwembamba kwenye mawe kutoka juu ya dari hadi magotini, nikalaza bomba la plastiki, nikachoma kiungo chake chini kwa mashine ya moto, nikafukia kwa saruji na kupiga plasta. Ukipitisha kiganja huwezi kujua kuna kitu ndani. Nilijivunia ukuta ule hata nikawa nawapitisha wateja nje ya ile nyumba na kuwaonyesha kwa kidole, utadhani ukuta wa sebuleni unaonekana kutoka barabarani.

Sasa ukuta ulikuwa umelowa. Rangi ilikuwa inabambuka kama ngozi ya viazi, na Mama Cheruto, badala ya kunipigia simu, alimwita Sitati. Sitati akasonya, akatikisa kichwa, akauliza swali letu, kisha akasema viungo vyangu havikuchomwa vikaiva. Mama Cheruto akalipeleka neno hilo kwenye chama chao cha kina mama. Kufikia Jumatano mteja wangu mmoja alikuwa ameniandikia kwamba asante lakini amepata mtu mwingine. Alhamisi Peterson akanipigia simu.

Peterson ni kontrakta. Alikuwa anajenga ghorofa nne za kupangisha, nyumba ishirini na nne, na tulikuwa tumekubaliana kwamba mabomba yote ni yangu kuanzia Jumatatu. Kazi ya ukubwa huo sikuwa nimewahi kuipata. Nilikuwa nimeshaiota mpaka najua choo kipi nitaanza nacho.

"Edinah, mimi sina shida na wewe," akasema. "Lakini mamangu ako chama moja na huyo mathe wa Kiamunyi, na si unajua, lisemwalo lipo. Nikikupea site na ukuta zianze kulia, nitaambia mwenye nyumba nini?"

Nyongo ilinipanda. "Peterson, kuja Jumamosi saa nne. Tutapasua huo ukuta ukiona na macho yako. Kama ni joint yangu, hiyo kazi pea Sitati, na mimi nitambebea spana."

Nikakata simu. Maneno makubwa ni rahisi kuyasema ukiwa na hasira, lakini kiungo ni kiungo, na mkono wa binadamu unaweza kuteleza. Labda siku ile mashine ilikuwa haijapata moto wa kutosha. Labda nilikuwa na haraka. Usiku wa Ijumaa nilikichoma kiungo kile upya kichwani mara kumi, na mara zote kumi kilikuwa sawa, lakini cha kichwani hakipitishi maji.

Jumamosi nilifika kabla ya Peterson. Mama Cheruto alinifungulia mlango, akasema karibu, akanionyesha ukuta. Hakunipa chai. Asiyeijua nyumba ile hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Hapo kwa Mama Cheruto hata mtu wa kusoma mita hunyweshwa kikombe cha chai ya maziwa kabla hajafungua daftari. Nilielewa kwamba kesi yangu ilikuwa imeshasikizwa na hukumu kutolewa.

"Pasua hapo chini tu, kwa joint," akaniambia. "Sitati alisema ni hapo. Usinipasulie ukuta yote."

"Tutaona, Mama Cheruto."

"Ni hapo chini," akarudia, na akasimama karibu na ukuta huku amefunga kanga kiunoni na kukunja mikono, kana kwamba ukuta ungetoroka.

Peterson aliingia akiwa na viatu vya site, akasalimia, akaketi kwenye ukingo wa kochi. Yeye alipewa chai.

Mimi sianzi na nyundo. Nilichukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha yake ukutani na mpini wake sikioni, maji yakiwa yamefunguliwa kutoka tangi la juu. Bomba linalovuja husema, ila husema polepole. Nilianza chini kwenye kiungo. Kimya. Nikapanda shubiri moja, kimya. Nikapanda hadi usawa wa kifua, nikasikia kitu. Nilipofika usawa wa macho yangu, sauti ilikuwa wazi, nyembamba, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Nikachora msalaba kwa chaki mahali pale.

"Inavujia hapa," nikasema.

"Na kwa nini maji iko chini?" akauliza Mama Cheruto upesi.

"Maji haipandi mlima, Mama. Inatoka hapa, inafuata bomba, inatokea chini."

Peterson akaweka kikombe mezani. "Wacha tuanze na joint. Hiyo ndiyo tumekuja kuona."

Alikuwa na haki. Nikafunga maji, nikashika nyundo na tindo. Nilipasua kidirisha kidogo pale chini, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, na kila pigo lilinigonga mwenyewe kifuani. Saruji iliyolowa ikaanguka vipande vipande. Kiungo kikatokea. Nilikifuta kwa kitambaa kikavu, nikakizungushia karatasi ya choo, nikatoka mwenyewe kwenda kufungua maji. Niliporudi, Peterson alikuwa amepiga magoti akimulika kwa simu.

Tulisubiri. Karatasi ilibaki kavu. Dakika tano, kavu. Kisha tone moja likashuka kutoka juu kwa mgongo wa bomba, likaingia kwenye karatasi. Peterson akaliona, akafuata njia yake kwa macho kwenda juu, hadi kwenye msalaba wangu wa chaki.

"Pasua hapo," akasema.

Sasa nilipiga kwa raha. Pigo la nne, kikaniangukia kiganjani kitu cheupe, kigumu, unene wa penseli. Nikakinusa. Kilinukia minti. Ilikuwa dawa ya meno, iliyoshindiliwa ndani ya tundu na kupakwa rangi juu, rangi ileile ya ukuta. Nyuma yake lilikuwepo tundu refu lililonyooka, lenye kutu pande zote, na mwisho wa tundu, katikati kabisa ya bomba langu, jicho dogo la duara likinirushia maji usoni.

Nilicheka. Sikukusudia, nilicheka tu, maji yananidondoka kidevuni.

"Ni msumari," nikasema. "Mtu alipiga msumari mrefu, inchi nne hivi. Ilikaa ndani ya bomba kama kizibo. Kutu ilipoila, maji ikatoka. Joint yangu haina makosa."

"Nani alipiga msumari hapa?" Peterson akauliza.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilimwangalia Mama Cheruto, naye alikuwa anaangalia sakafu. Nikakumbuka kwamba siku ile nilipomaliza kazi nilimshika mkono, nikamsimamisha palepale na kumwambia, mama, kutoka hapa hadi hapa usipigilie kitu, bomba inapita. Akaitikia. Miaka mitatu baadaye akauacha mji mzima unitafune, huku yeye mwenyewe ndiye aliyeziba tundu kwa dawa ya meno.

Ulimi ulikuwa tayari. Nilikuwa na maneno ya kumfanya mama yule asiinue kichwa kanisani hadi Krismasi, na nakiri nilitamani sana kuyasema. Lakini nilitazama kiungo changu pale chini, kikavu, kimeiva, kizuri, nikaona sihitaji. Kilikuwa kimeshasema yote, tena vizuri kuliko mimi.

"Peterson," nikasema, "kazi yangu ni bomba. Ya misumari sijui."

Nikatoka kufunga maji, nikarudi, nikainama kutafuta mkasi wa kukatia bomba. Nilikuwa nimeshaushika Mama Cheruto aliposema.

"Ni mimi."

Alikuwa ameikunjua mikono yake. "Ni mimi nilipiga. Edinah aliniambia, na sikusahau. Nilikumbuka vizuri kabisa."

"Sasa Mama, kwa nini?" Peterson akashangaa.

"Ilikuwa picha ya Cheruto ya graduation," akasema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Mzee wangu alipasua mbao kwa sawmill huko Elburgon miaka thelathini. Vidole viwili viliachwa huko. Cheruto alipomaliza unesi, Mzee akachonga fremu na mkono yake, mbao nzito, hata mimi nikiibeba nahema. Watu walikuwa wanakuja kesho yake kushukuru. Nilijaribu ile ukuta ingine, misumari tatu ikapinda kwa mawe. Nilijaribu huku, ikapinda. Hapa tu ndiyo ilikubali kuingia."

Bila shaka. Ukuta wote ni jiwe, na mahali pekee palipokuwa saruji laini ni kwenye mfereji nilioufukia mimi. Msumari ulifuata njia yangu.

"Na hapa," akaendelea, "mtu akifungua mlango, kitu ya kwanza anaona ni mtoto wangu. Ukuta zingine hazionekani kutoka kwa mlango. Kwetu msichana hakuwa amesoma mpaka hapo, hata mmoja. Nikasema wacha bomba ikasirike."

Aliposema hivyo alikuwa amesimama wima, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. Mimi nilikuwa na hasira bado, lakini nilimwelewa mpaka ndani ya mfupa. Mtu anayewapitisha watu barabarani kuwaonyesha ukuta hana ubavu wa kumlaumu anayetaka mwanawe aonekane mlangoni.

"Ungeniambia, Mama Cheruto," nikasema. "Ningekuja. Ningecheka, ningetengeneza, ningeenda."

"Niliona aibu. Ukuta ilipoanza kulowa nikang'oa msumari, nikaziba, nikaficha picha chumbani. Mwalimu wa Sunday school mzima, naambiwa kitu, natoka naenda kufanya hiyohiyo." Akachukua simu yake mezani. "Jina yako nililiharibu kwa mdomo. Wacha nilitengeneze na huo mdomo."

Akabonyeza kidude cha kurekodi, akaileta simu karibu na midomo, na akazungumza na chama kizima akiwa ananitazama mimi.

"Kina mama, hamjambo. Ni Mama Cheruto. Ile maneno nilisema juu ya Edinah, fundi wa bomba, ilikuwa uongo. Ukuta imepasuliwa nikiona. Kazi ya Edinah ni safi. Mwenye aliharibu ni mimi na msumari yangu, na nilijua, nikanyamaza. Mwenye alimnyima kazi kwa sababu yangu, amrudie. Asanteni."

Akaituma kabla hajapata nafasi ya kujuta. Kisha akaingia jikoni, na nikasikia sufuria ikitua juu ya meko.

Nilikata kipande kile chenye tundu, nikachoma kipya na viungo viwili, taratibu, nikihesabu sekunde. Peterson alisimama nyuma yangu muda wote, akinimulikia kwa simu. Nilipomaliza na kufungua maji, alipitisha kidole kwenye viungo vyote viwili, akakiangalia kidole.

"Sawa," akasema. "Hiyo imeisha. Funga plasta leo, Monday saa moja ukuwe site."

Nilijua nilichokuwa nakaribia kupoteza. Nyumba ishirini na nne.

"Sifungi leo," nikasema. "Ukuta yangu haifungwi siku ileile bomba imelazwa. Inakaa wazi siku mbili na maji ndani, mimi nikikuja kuangalia. Jumatatu ndiyo napiga plasta ya Mama Cheruto. Jumanne inakauka, narudi kuangalia kama imepasuka. Site naweza kuja Jumatano."

"Edinah, nina watu wanangoja. Sitati anaweza anza Monday."

"Basi mpe Sitati. Lakini nyumba zako ishirini na nne nitazifanya hivihivi, kila ukuta siku mbili. Kama hutaki hiyo, heri ujue sasa."

Alinitazama. Akautazama ukuta, kidirisha cha chini na cha juu, na bomba likipita katikati yake, limenyooka tangu darini kama nilivyolilaza miaka mitatu iliyopita. Akavuta pumzi ndefu kupitia puani.

"Wednesday," akasema. "Lakini saa moja kamili."

Nilimwambia saa moja kamili ni kuchelewa, mimi huanza saa kumi na mbili na nusu. Mama Cheruto akatoka jikoni na vikombe, na cha kwanza akanipa mimi.