Majalada Yaliyong'olewa

Kwa kupanga majarida, Bertilla hakuwa na mpinzani Sumbawanga nzima, na yeye mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunzaji wa maktaba ya chama cha wakulima pale Majengo. Kwanza jina kwa alfabeti, kisha mwaka, kisha namba ya toleo. Toleo jipya hukaa rafu ya mbele, la zamani huingia boksi, na mwaka ukitimia yote kumi na mawili hushonwa kuwa juzuu moja. Ukirudisha la Machi mahali pa Mei, utasemwa mpaka uombe poo.

Basi Jumanne ile kaka yake Oswaldi alipoingia akitokea Izia, akihema na mkongojo wake, Bertilla hakuwa na wasiwasi wowote.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Shigela ameniibia, mdogo wangu."

Shigela, bwana shamba mstaafu, alikuwa anatoa kitabu kuhusu intumba, vile vilima ambamo Wafipa hufukia nyasi zioze, ndipo wapande. Sura ya tatu ilikuwa makala ya Oswaldi neno kwa neno, ile aliyoiandika akiwa mwalimu, ikatoka katika jarida la *Jembe Letu* mwaka 1989. Mchapishaji alikuwa amesema kwa simu: leteni ukurasa uliochapwa, wenye jina la mwandishi, kabla ya Ijumaa, tutasimamisha mashine. La sivyo, mwandishi ni Shigela.

"Nimefundisha miaka arobaini, sina hata barua ya ahsante," Oswaldi alisema. "Macho yenyewe ndiyo haya yanakwisha. Nataka jina langu tu."

"Umefika penyewe, kaka. Kaa."

Hakugusa hata kadi za orodha. Alikwenda moja kwa moja, akaivuta juzuu nyeusi yenye 1989 mgongoni, akaifungua mezani. Makala ilikuwepo, kurasa zote nne, panya hajaonja hata pembe. Jina halikuwepo. Akageuza nyuma, akageuza mbele, akarudia tena.

*Jembe Letu* halikuwa likiweka jina chini ya makala. Majina ya waandishi yalichapwa ndani ya jalada, pamoja na mwezi. Na majalada Bertilla aliyang'oa. Mwaka wa kushona rafu zilikuwa zimejaa, akamwambia fundi aondoe majalada na kurasa za matangazo ili juzuu ziwe nyembamba. Palipoenea sita, zikaenea kumi. Mwenyekiti alimsifu mbele ya mkutano, akapewa kitenge, akatembea wiki nzima kichwa juu.

Jambo lililomuuma zaidi ni kwamba toleo lile mwanzoni maktaba haikuwa nalo. Mfululizo ulikuwa na pengo, na Bertilla hakuweza kulala na pengo. Alikuwa amemwomba Oswaldi nakala yake, ya pekee, naye kaka akampa kwa moyo mweupe.

"Umeliona?" Oswaldi aliuliza.

"Makala ipo, kaka. Jina... lilikuwa kwenye jalada."

"Jalada liko wapi?"

Angeweza kumsingizia fundi, ambaye ni marehemu. Angeweza kusema mchwa. Lakini aliona aibu kudanganya juu ya aibu.

"Niliyang'oa majalada yote ili juzuu zienee. Nikayawashia jiko."

Oswaldi akaanza kuisema ile makala kwa kichwa, sentensi baada ya sentensi, taratibu, na Bertilla akaifuata kwa kidole kwenye ukurasa. Hakukosea hata neno. Alipomaliza, chumba kizima hakikuwa na shahidi ila dada yake, aliyeuchoma ushahidi.

"Nisamehe, kaka," Bertilla alisema, machozi yakimtoka. "Nakuomba unisamehe."

Oswaldi akashika mkongojo wake, akasimama.

"Padri wa kuungamisha yupo parokiani," alisema, akatoka.